Kroketi na Baba Mkwe

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipigana na wapiganaji wa msituni, niliwahi kuwa mwanachama wa klabu ya Wazungu, nje kidogo ya mji wa Embu. Uanachama wangu ulianza baada ya chakula cha mchana na ulikwisha ilipolia pembe ya kafyu, amri ya kutotembea usiku, jioni ile ile. Sikuuomba.

Aliyeniingiza alikuwa katibu wa klabu hiyo, mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi, mwenye mguu mmoja usiokunjika. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na siku moja alikuja mpaka mlangoni mwa darasa langu akiwa na kitabu kidogo mkononi.

"Wewe najua kusoma Kizungu?" akaniuliza.

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba najua. Akanisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, kisha akaendelea na Kiswahili chake kile kile. Ndivyo tulivyozungumza mpaka siku aliyoondoka nchini: mimi kwa lugha yake, yeye kwa lugha aliyodhani ni yangu.

Alinieleza shida yake. Kila mwaka klabu ya Embu ilicheza kroketi na klabu ya Meru kushindania kombe la fedha. Kroketi ni mchezo wa nyasini. Unagonga mpira wa mbao kwa nyundo ya mti yenye mpini mrefu, unaupitisha katika matao madogo ya chuma, na ukiyamaliza yote unaugongesha kwenye kigingi kilichosimama katikati ya uwanja. Sheria ya kombe ilisema kwamba mwaka wowote mchezo usipochezwa, kombe lirudishwe Uingereza kwa mjane wa mtu aliyelitoa. Katibu alikuwa amegombana na mjane huyo kwa barua miaka mingi, na alisema afadhali lichukuliwe na watu wa msituni.

Lakini wachezaji hawakuwepo. Vijana wa klabu walikuwa msituni na bunduki, na wake zao walikuwa wamepelekwa Nairobi. Katibu mwenyewe hakuweza kucheza kwa sababu alikuwa mwamuzi, na mwamuzi hachezi. Alitaka watu wawili ambao serikali inawaamini, awaandike wanachama kwa siku moja. Mmoja alikwisha mpata: chifu wetu. Wa pili alitaka awe anayesoma Kiingereza, amfundishe chifu sheria.

"Chifu ni baba ya bwana yako," akaniambia. "Nyinyi ni familia. Familia nacheza vizuri."

Sijui kama alijua bwana yangu yuko wapi. Nadhani alijua, ila hakuona kwamba jambo hilo linahusu kroketi.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani katika soko la Runyenjes. Walimchukua siku ya msako. Watu wote wa kijiji tuliketishwa chini uwanjani, tukapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, umekwenda. Baba mkwe wangu, yule chifu, alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni ya meza ya ofisa. Gunia lilipotikisika mbele ya mwanawe, nilimtazama. Hakunyanyuka. Mume wangu akapandishwa lori na kupelekwa kambini, mbali kule nyikani. Mimi nilikuwa mja mzito, na kazi ya kuchimba handaki la kukizunguka kijiji ilikuwa ikitungoja wanawake asubuhi iliyofuata.

Tangu siku ile sikusema na chifu neno hata moja, na hakuna mtu aliyeshangaa. Kwetu mke wa mwana hasemi ovyo na baba mkwe. Hamkatizi njia, hali chakula mbele yake, hamtazami usoni. Tunaiita nthoni, haya ya ukwe. Watu waliponiona nainamisha kichwa chifu akipita, walisema mwalimu ana adabu sana. Mimi nilijua kwamba si adabu.

Sasa nilitakiwa kumfundisha mchezo.

Tulifanyia masomo kwenye baraza ya ofisi yake. Chifu alikaa upande mmoja, mimi nikasimama upande mwingine nimempa kisogo, na katikati akasimama karani wake. Nilisoma sheria kwa Kiingereza, nikaifasiri kwa Kiembu, na karani akageuka kumwambia chifu maneno yale yale kwa Kiembu kile kile. Chifu aliyasikia mara mbili, na kila mara aliitikia ile ya pili tu.

Sheria zenyewe zilimpendeza kuliko nilivyotazamia. Mwenzako akitaka kupiga, unanyamaza. Husimami mbele yake. Kivuli chako kisianguke juu ya mpira wake. Akikosa, unasema "bahati mbaya," hata kama moyoni umefurahi. Ukishinda hurukiruki.

"Kumbe wanayo heshima," chifu akamwambia karani. "Walikuwa wameificha wapi?"

Palipomshinda ni pale penye utamu wote wa kroketi. Mpira wako ukigusa wa mpinzani, una haki ya kuuweka wako ubavuni mwake, kisha unapiga wako kwa namna ambayo ule wa mwenzako unatupwa mbali, hata mwisho wa uwanja.

"Muulize mwalimu," chifu akasema. "Mtu ametoka Meru, njia yote hiyo, na hatari yote hii. Nimgonge, halafu nimfukuze?"

Karani akageuka kuniuliza. Nikasema ndivyo kitabu kinavyosema.

"Basi kitabu kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kutembelewa."

Siku ya mchezo, karani alizuiwa kwenye lango la klabu kwa sababu pasi yake ilimruhusu kwenda ofisini na kanisani tu. Chifu na mimi tukaingia peke yetu, yeye mbele, mimi hatua nyingi nyuma. Klabu ilikuwa imezungushiwa seng'enge na handaki refu lililopandwa vijiti vya ncha kali, kama vijiji vyetu. Nyasi ndani ya seng'enge zilikuwa fupi na laini kama nywele za mtoto.

Kabla hatujaingia, pale langoni palikuwa pametokea shida nyingine. Askari mlinzi wa kijiji aliyekuwa zamu, mmoja wa vijana waliokuwa chini ya chifu mwenyewe, aliona zile nyundo za mti tulizokabidhiwa na Katibu. Akasema amri inakataza Mwafrika asiye askari kubeba rungu. Katibu akamweleza kwamba hilo si rungu. Askari akaipima nyundo mkononi, akaizungusha hewani, akasema kwa adabu kwamba yeye amekwisha pigwa na vitu vyepesi kuliko hicho. Ikabidi Katibu aandike vibali vya silaha, cha chifu na changu. Changu kilisema kwamba ninaruhusiwa kubeba nyundo baina ya tao la kwanza na kigingi.

Tulitakiwa pia kuvaa nguo nyeupe. Mimi niliazima gauni la muuguzi wa hospitali, ambalo lilinibana kwapani kila nilipoinua nyundo. Chifu alikuja na kaki zake za uchifu, na Katibu akamvalisha juu yake fulana yake mwenyewe ya sufu nyeupe, joto lote lile. Aliyevaa sawasawa alikuwa mpinzani wetu.

Klabu ya Meru nayo haikuwa na wachezaji wa kutuma. Ilichokuwa nacho ni mtu mwenye pasi ya barabarani: mchinjaji mmoja Mwislamu wa mji wa Meru, aliyeleta nyama za askari Embu kwa lori, katika msafara wenye walinzi. Wakamwandika mwakilishi wao. Alishuka kwenye lori akiwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia nyeupe, na Katibu alipomwona alisimama wima kana kwamba anataka kupiga saluti.

"Kroketi unajua?" Katibu akamwuliza.

"Nimeelezwa njiani na dereva," mchinjaji akasema. "Yeye aliwahi kuiona."

Kwa kuwa alikuwa peke yake, alipewa mipira miwili, wa buluu na mweusi. Upande wetu chifu alikuwa na mwekundu, mimi wa njano. Kila zamu yetu ilipofika, ilitubidi kwanza tukubaliane nani kati yetu atapiga. Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Zamu yetu ya kwanza ilipofika, chifu alisimama akitazama mlima ulio mbali, na mimi nikatazama viatu vyangu. Tukakaa hivyo. Mchinjaji akakohoa.

"Nyinyi wawili nasema pamoja," Katibu akatuambia. "Hii ni sheria. Mwenzi nashauri mwenzi."

Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba kwetu haifai mimi kusema na baba mkwe wangu.

"Ndio," akasema. "Lakini hapa si kwenu. Hapa ni uwanja."

Niliangaza macho nikitafuta mtu wa kupitishia maneno. Mchinjaji alikuwa mpinzani, na sheria inakataza kumshauri mpinzani. Katibu alikuwa mwamuzi. Kilichobaki ni kile kigingi cha katikati, kimesimama kimya, kimepakwa rangi za mipira yote minne. Nikakisogelea.

"Kigingi," nikasema kwa Kiembu, "mwambie Baba acheze yeye kwanza, maana ni mkubwa."

Chifu naye akaja upande wake wa kigingi.

"Kigingi, mwambie nimesikia."

"Vizuri sana," Katibu akasema. "Hii ndiyo kushauri."

Mchezo ukaendelea, kama unaweza kuitwa mchezo. Chifu aligusa mpira wa buluu wa mchinjaji, akapata ile haki ya kuufukuza, naye akausukuma polepole mpaka mbele ya tao ambalo mchinjaji alikuwa akilitafuta. Mchinjaji akaweka mkono kifuani akashukuru. Zamu yake ilipofika, akasema hawezi kupita mlangoni mbele ya mwenyeji wake, akausogeza wa kwetu mwekundu karibu na tao. Wakaendelea hivyo, wakikaribishana. Katibu alitembea huku na huku na mguu wake, akiuliza kama kuna mtu yeyote anayetaka kushinda.

Mimi nilikuwa nimeanza kuona hasira. Nilimtazama mzee huyu, ndani ya fulana ya kuazima, akimpisha mgeni kwenye tao la chuma kwa upole mkubwa, na nikakumbuka kiti kile pembeni ya meza. Zamu yetu ilipofika tena nikaenda kwenye kigingi.

"Kigingi," nikasema, "niulizie. Siku ile ya gunia, mbona hakusimama?"

Chifu akaukagua mpini wa nyundo yake. Mchinjaji, ambaye lugha yake ya Kimeru haiko mbali na Kiembu, aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa makubazi.

"Wanafikiri," Katibu akamnong'oneza. "Hii ni mambo kubwa."

"Kubwa," mchinjaji akasema.

Mwishowe chifu akasema, "Kigingi, mwambie apige wa njano."

Nikapiga wa njano. Sikulenga tao. Nililenga ule mwekundu wa chifu, nikaupata. Sheria inakuruhusu kugonga hata wa mwenzi wako. Nikauweka wangu ubavuni mwake kama kitabu kilivyoagiza, nikainua nyundo, gauni la muuguzi likachanika kwapani, nikapiga. Mwekundu ukavuka uwanja wote, ukapita chini ya seng'enge, ukatumbukia handakini.

Mke wa mwana alikuwa ameurusha mpira wa baba mkwe wake shimoni mbele za watu. Nilisubiri ardhi ifunguke.

"Lakini hiyo ni rafiki," Katibu akasema kwa huzuni. "Mwekundu ni rafiki ya njano."

Kisha akakumbuka jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa zaidi: mpira uliotoka nje ni lazima urudishwe uwanjani hatua moja ndani ya mpaka. Chifu akaenda mpaka langoni akamwambia askari wake amfungulie, akaokote mpira wake.

"Haiwezekani, Chifu," askari akasema. "Hakuna ruhusa mtu kushuka handakini."

"Ni nani aliyetoa amri hiyo?"

"Ni wewe, Chifu."

"Basi mimi ninayeitoa nasema nifungulie."

Askari akafikiri. "Chifu ulituambia, hata wewe mwenyewe ukija kutuambia tufungue, tusifungue. Ulisema labda umeshikiwa kisu mgongoni."

Chifu akageuka akatuonyesha mgongo wake. Hapakuwa na kisu, fulana tu, imelowa jasho. Askari akasema anaona, lakini hakuambiwa kuangalia mgongo. Chifu akamsifu kwa utii wake, akarudi uwanjani.

Katibu akaingia ndani ya jengo kutafuta mpira mwingine. Sisi, ijapokuwa tulikuwa wanachama, hatukuruhusiwa kuingia humo. Alikaa sana, na akarudi na mpira mwekundu wa mezani, ule wa biliadi, mdogo kama limau na mgumu kama jiwe. Akamwuliza mchinjaji kama Meru inapinga.

"Meru haina neno," mchinjaji akasema.

Chifu akaupokea mpira ule mdogo, akautazama, akaenda nao mpaka kwenye kigingi. Akaita, si kwa jina langu. Aliniita "mke wa mwanangu", na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo tangu harusi.

"Kigingi," akasema, "mwambie mke wa mwanangu hivi. Siku ile gunia lilitikisika mara mbili kwa nyumba yangu. Mara ya kwanza kwa mwanangu. Mara ya pili kwake yeye, alipopita akiwa na tumbo lake. Ofisa hakuona, alikuwa ameinama anawasha sigara, na upepo ulikuwa unamzimia kiberiti. Mimi niliona. Kama ningenyanyuka kumlilia mwanangu, ofisa angeinua macho."

Sikujua niamini au nisiamini. Mpaka leo sijui. Nakumbuka upepo siku ile ulikuwepo, kwa sababu mavumbi yalituingia machoni.

"Kigingi, mwambie nimesikia," nikasema.

"Nami nina swali," chifu akasema. "Mtoto anaitwaje?"

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa baba yake. Mwanangu alikuwa amekwisha anza kutambaa, na nilikuwa namwita Mtoto tu. Wanawake wa kijiji walijua kwa nini, na hawakuniuliza.

"Mwambie hajaitwa."

Chifu akatikisa kichwa taratibu. Katibu alikuwa akitutazama kwa macho ya mtu aliyeona kazi yake ya maisha inazaa matunda. "Unaona?" akamwambia mchinjaji. "Embu nashauri sana. Meru lazima jifunze."

"Tutajifunza," mchinjaji akasema. Kisha akaomba asomewe tena sheria ya kivuli, maana hakuielewa vizuri. Katibu akafungua kitabu akamsomea yote. Akaomba na ile ya mpira uliogusa tao bila kupita. Tangu hapo kila mara chifu na mimi tulipokuwa kwenye kigingi, mchinjaji alikuwa na sheria ya kuuliza, na alikuwa akitugeuzia mgongo. Hivyo ndivyo chifu alivyopata kunieleza kwamba alikwenda kambini kumwona mwanawe, na mwanawe akakataa kutoka kumwona. Nami nikamweleza kwamba mtoto anaota meno na anauma.

Huku nyuma mchezo ulikwenda wenyewe. Ule mpira wa biliadi ulipita matao kama panya apitavyo uani, na chifu, ambaye hakuwa akiufuatilia tena, akawa anaongoza. Hakupata kuugongesha kigingini. Pembe ya kafyu ikalia, uanachama wetu ukakoma palepale, na askari akaja kuchukua nyundo, kwa kuwa vibali vilikuwa vimekwisha.

Katibu alipekua kitabu chote asipate sheria ya mchezo uliokatizwa na kafyu. Akaamua kombe ligawanywe, kila klabu ikae nalo miezi sita, Meru ianze kwa kuwa ni mgeni. Mchinjaji akaondoka nalo kwenye lori la nyama. Kwenye kizuizi cha njiani askari wakalikamata, wakidhani limeibwa kanisani. Nilisikia kwamba lilibaki kituoni hapo mpaka Hali ya Hatari ikaisha, na kwamba walikuwa wakitia sukari ya chai ndani yake. Mjane hakulipata.

Juma lile chifu alikuja kijijini, kwenye kibanda changu. Alisimama nje, mbali na mlango, kama inavyopasa. Nikatoka na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimefikiri siku kadhaa juu ya upepo na kiberiti bila kupata jibu, na nikaona kwamba mtoto hawezi kungoja nimalize kufikiri.

Nikamgeuza amwone. "Huyu ni wewe," nikasema. Hapakuwa na kigingi, na sikutafuta kitu kingine cha kusemesha.

Chifu alimnyooshea kidole, mtoto akakiuma.

Mume wangu aliachiliwa baada ya muda mrefu. Alirudi amekonda, na kila mtu akiongea nyuma yake alishtuka. Wiki za kwanza hakutaka kusikia habari za baba yake. Siku moja aliona mzee amekaa uani kwetu, nami nampa uji na kumwuliza habari za mbuzi, tukizungumza kama watu. Mzee alipoondoka akaniuliza jambo hilo lilianzaje. Nikamsimulia yote: vibali vya nyundo, kanzu ya mchinjaji, kigingi, mpira wa biliadi. Nilipofika kwenye gunia na kiberiti alisimamisha cherehani, akasikiliza, kisha akaendelea kushona. Nilidhani ataniambia nimepungukiwa akili.

"Huamini?" nikamwuliza.

"Naamini," akasema. "Kambini walitupa chokaa tukapaka mawe yote meupe. Yalipokauka wakatuambia tuyageuze juu chini. Tukayapaka tena."

Akakata uzi kwa meno, akanipa gauni alilokuwa akilishona nijaribu.